Shajara ya mradi: Chipmunk ya 1951 yapata injini ya Lycoming

3 Februari 2024: Kwa nini injini ya Gipsy inatoka

Ndege ni de Havilland Chipmunk T.10, ya viti viwili, mmoja mbele ya mwingine, iliyoundwa 1951 kwa ajili ya mafunzo ya jeshi la anga la Uingereza. Asili ya aina hii ni Kanada: ya kwanza iliruka Mei 1946 pale Downsview, Toronto, na mchoraji wake mkuu alikuwa Mpolandi, Wsiewołod Jakimiuk. Hii yetu iliuzwa kwa raia zamani, ikavuka bahari, na sasa imelala kwenye hanga la uwanja mdogo wa nyasi huku Ohio. Mwenyewe ni rubani mstaafu. Mimi ni fundi wake, mzaliwa wa Mombasa, na shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu mafundi wenzangu wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kwingineko wameniuliza mara nyingi kazi hii inafanywaje.

Injini yake ya asili ni Gipsy Major 10: silinda nne mstari mmoja, vichwa vikitazama chini, lita 6.1, nguvu za farasi 145. Ni injini nzuri na siisemi vibaya. Lakini tulipoisafisha na kuipaka dawa ya rangi ya kutafutia nyufa, tulikuta vichwa viwili vya silinda vimepasuka, na baya zaidi, ufa kwenye mwili wa injini karibu na bolti ya chini ya silinda ya tatu. Vichwa vinapatikana ukisubiri na ukiwa na pesa. Mwili mzima usio na ufa ni habari nyingine. Makadirio tuliyopewa yalianzia dola 38,000, bila ahadi ya tarehe.

Kumpa Chipmunk injini ya Lycoming si jambo jipya. Vilabu vya ndege zisizo na injini vimefanya hivyo kwa miaka mingi ili Chipmunk zao zipate nguvu ya kuvuta ndege hizo. Tumechagua O-360-A4A, farasi 180 kwa mizunguko 2,700 kwa dakika, ile inayokaa kwenye ndege ndogo ya Piper Cherokee 180.

Sharti moja niliweka tangu mwanzo, na mwenyewe alikubali: hatutatoboa, hatutakata wala hatutakunja kitu chochote kisichoweza kurudi kilivyokuwa. Fremu mpya ya kubebea injini itashika pointi zilezile nne kwenye bamba linalotenga injini na marubani. Boneti la zamani halitaguswa. Gipsy imejazwa oili ya kuhifadhia, ikafungwa plagi za kunyonya unyevu, ikalazwa kwenye sanduku pamoja na stata yake ya baruti, ile inayowasha injini kwa kulipua risasi tupu. Akija mtu miaka 30 ijayo akapata mwili wa Gipsy ulio mzima, ndege hii iweze kurudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna anayeunda nyingine.

24 Machi 2024: Injini iliyonunuliwa, na kilichokuwa ndani yake

Tumenunua injini iliyotolewa kwenye Cherokee iliyoharibika bawa. Bei dola 13,500. Daftari lake linaonyesha masaa 900 hivi tangu oveholi ya mwisho (kufunguliwa yote na kukarabatiwa), na Lycoming wanaruhusu 2,000. Kwa karatasi ilikuwa na nusu ya maisha yake.

Lakini wanaruhusu pia miaka 12, na hapo ndipo pa kuangalia. Injini ilikaa bila kuruka muda mrefu. Kwenye Lycoming kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iko juu ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungusha propela), na inapata oili ya kurushiwa tu injini inapozunguka. Injini ikilala, oili inateremka chini, kamshafti inabaki kavu juu kabisa, na unyevu unaanza kuila. Kwa nje huoni kitu, na mgandamizo ukipima unatoka mzuri. Yetu ilitoka mzuri silinda zote nne.

Tulitoa silinda mbili tukatazama ndani kwa kioo na tochi. Uso wa tapeti mbili (vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili valvu zifunguke) ulikuwa na vidoto vya kutu, na ncha moja ya kamshafti imeanza kulika. Tapeti za Lycoming zina vichwa kama uyoga, hazitoki mpaka ufungue mwili wote wa injini vipande viwili. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato: oveholi kamili.

Waliowahi kuniambia "iwashe tu, itajisafisha" wajue kwamba haijisafishi. Vidoto vile vinakwangua, chembe za chuma zinaingia kwenye oili, filta inazidiwa, na chembe zinapita kwenye beringi za krankshafti. Kamshafti mpya, tapeti zote nane, beringi, pete za pistoni, valvu za kutolea moshi na miongozo yake, gia za pampu ya oili, magneto (vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za plagi) kufanyiwa ukarabati, na krankshafti kupelekwa kupimwa kwa sumaku: jumla dola 17,800, kazi ya mikono ikiwa yetu wenyewe. Ukinunua injini iliyolala, weka pesa ya oveholi pembeni kabla hujalipa ya injini.

19 Mei 2024: Fremu iliyopinda

Fremu ya kubebea injini ni ya mabomba ya chuma aina ya 4130, yaliyochomelewa. Upande mmoja yanashika pointi nne za mwili wa ndege. Upande wa pili yanashika masikio manne ya injini, ambayo kwenye injini hii yamelala kwa pembe, yote yakielekea kwenye kitovu cha uzito wa injini ili mtikisiko wake umezwe na mipira. Ni mpango mzuri, ila hauvumilii kosa: pembe ikikosea kidogo, bolti haiingii.

Fundi wa kuchomelea alifanya kazi safi kwa macho. Alimaliza kiungo kimoja baada ya kingine kwa mpangilio, akizunguka kutoka juu kulia. Fremu ilipopoa tukaitoa kwenye jigi (kifaa cha kuishikilia wakati wa kuchomelea), ikachanua. Sikio la chini kushoto lilikuwa nje kwa milimita 4.

Palikuwa na mtu aliyeshauri tuvute kwa kamba ya mnyororo mpaka bolti ziingie. Hilo nimelikataa, nanyi likataeni. Fremu iliyolazimishwa inaishi na mvuto ndani yake hata ndege ikiwa imesimama. Ongeza mtikisiko wa silinda nne na mzigo wa kugeuza ndege angani, ufa utaanza pembeni mwa kiungo, mahali usipopaona bila kuitoa injini nzima.

Tulikata viungo vya mabomba mawili ya chini na kuanza upya hivi. Kwanza, jigi ikafungwa bamba la chuma la milimita 12 badala ya lile jembamba. Pili, viungo vyote vikadonolewa kidogo kidogo kwanza, bila kumaliza hata kimoja. Tatu, kuchomelea kukafanywa kwa kuvuka: robo ya kiungo cha juu kulia, kisha cha chini kushoto, kupumzika, kisha upande mwingine. Nne, baada ya kumaliza, kila kiungo kikapashwa moto kwa gesi mpaka kiwe chekundu hafifu na kuachwa kipoe chenyewe, bila upepo wa feni, fremu ikiwa bado imefungwa kwenye jigi. Safari hii bolti zote nne ziliingia kwa vidole. Fremu ya kwanza na marekebisho yake: dola 2,900, vifaa na mchomeleaji.

7 Julai 2024: Mambo ya mafuta na waya

Kwa ufupi. Chipmunk ina matangi ya mafuta mabawani, chini kuliko injini, kwa hiyo lazima pampu. Gipsy ilikuwa na pampu mbili zinazoendeshwa na injini yenyewe. Lycoming ina moja, nasi tumeongeza ya umeme kuwa akiba wakati wa kuruka na kutua. Mpira wa mafuta unaopita karibu na ekzosi umevishwa soksi ya kuzuia moto. Vipimo vya mafuta vya zamani, vile vinavyosomwa moja kwa moja juu ya bawa, vimebaki. Vinafanya kazi na ni vizuri kuvitazama.

Kipimo cha mizunguko hakikuweza kubaki, maana Lycoming inazunguka kinyume cha Gipsy, na waya wake wa kuzunguka sasa ungezunguka kinyume. Tumeweka cha umeme kinachosoma kutoka kwenye magneto, ndani ya gamba la kile cha zamani.

15 Septemba 2024: Mizani

Watu wengi hudhani injini yenye nguvu zaidi ni nzito zaidi. Hapa ni kinyume. Gipsy ni ndefu na nzito, na tangi lake la oili liko mbali na mwili wake. Lycoming ni fupi na nyepesi. Ukiiweka mahali ilipokuwa Gipsy, pua inakuwa nyepesi na mkia unashuka. Ndiyo sababu fremu yetu ni ndefu, inaisukuma injini mbele mpaka propela inakaa karibu na pale ilipokuwa ile ya zamani.

Mchoro wa urefu wa fremu ulitoka kwa mmiliki mwingine wa Chipmunk, aliyeutumia kwa mafanikio. Tulipoweka ndege kwenye mizani tatu, kitovu cha uzito kilitoka sentimita 4 nyuma ya hesabu. Baada ya kupekua, sababu ikaonekana: ndege yake ina propela inayobadili pembe, yenye kitovu kizito cha chuma. Yetu ni ya pembe moja. Tofauti ya kilo 12 hivi kwenye ncha kabisa ya pua inatosha kuharibu hesabu yote. Ukichukua mchoro wa mtu, chukua na orodha ya kila alichofunga mbele.

Kwenye Chipmunk hili si jambo dogo. Aina hii ina historia ya ajali za spini (ndege kuanguka huku ikijizungusha), ndiyo maana nyingi zilifungwa mapezi marefu pembeni ya mwili, mbele ya mkia. Ndege yenye kitovu cha uzito nyuma inaingia kwenye spini kwa urahisi na kutoka kwa shida. Na mtu wa pili anakaa nyuma, anazidi kuivuta.

Hatukukata fremu tena. Betri yetu ilikuwa imefungwa nyuma ya kiti cha pili. Tuliihamishia mbele, kwenye bamba la injini, tukaijengea sanduku lenye bomba la hewa baridi. Hesabu ni hii: uzito wa betri, kilo 11, mara umbali iliosogezwa, sentimita 260, ni 2,860. Gawa kwa uzito wa ndege tupu, kilo 655, unapata sentimita 4.4. Mizani ilithibitisha. Gharama: dola 310, nyingi zikiwa za nyaya nene.

12 Januari 2025: Boneti na propela

Boneti la Gipsy ni jembamba, na Lycoming ina upana wa sentimita 85. Tumetengeneza jipya la faiba, lenye matundu mawili ya hewa mbele. Sura ya pua imebadilika, sikatai, na mwenyewe alikaa kimya mbele yake kwa muda kabla ya kusema lipakwe rangi. Dola 2,600 pamoja na rangi.

Propela tulinunua iliyotumika, ya kampuni ya Sensenich, kipenyo inchi 76, pembe ya 60 (yaani inchi 60 ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), iliyozoea Cherokee. Tuliifunga, tukafunga mkia wa ndege kwenye trekta na kuwasha. Kwa nguvu zote, ndege ikiwa imesimama, ilifika mizunguko 2,230 tu. Injini ilikuwa inasukuma jiwe: pembe ni kali mno kwa ndege ya mwendo wa Chipmunk. Imepelekwa karakana ya propela kupunguzwa hadi 57, sasa inatoa 2,340. Dola 3,400 za propela na 950 za kuikunja.

Tahadhari inayosahaulika: propela ya ukoo huu ikiwa kwenye O-360-A4A hairuhusiwi kuendeshwa mfululizo kati ya mizunguko 2,150 na 2,350, kwa sababu mtikisiko wa injini na wa propela hukutana hapo na chuma huchoka. Kupita ni sawa, kukaa hapana. Tumechora tao jekundu kwenye kipimo.

30 Machi 2025: Miguu ya rubani

Kabla ya kuruka nilimpigia simu mjomba wangu Nairobi. Alikuwa fundi wa ardhini Eastleigh miaka ya mwanzo ya jeshi la anga la Kenya, lililoanzishwa Juni 1964 likiwa na Chipmunk kama ndege za kufundishia. Baadaye Kenya ilinunua Bulldog, ndege nyingine za mafunzo, ambazo zina Lycoming. Kwa hiyo yeye aliona kwa macho yake marubani wakihama kutoka injini moja hadi nyingine.

"Shikamoo mjomba. Tunakaribia kuirusha."

"Marahaba mwanangu. Huyo rubani wako amezoea nini?"

Nikamwambia: ana masaa mengi kwenye Chipmunk za Gipsy.

"Basi huyo ndiye wa kumwogopea. Asiye na mazoea atatazama pua. Mwenye mazoea atatumia mguu kabla hajatazama."

Anazungumzia hili. Ukiwa kwenye kiti cha rubani, propela ya Gipsy inazunguka kinyume cha saa, na ndege inapoanza kukimbia inavuta kulia, unaizuia kwa mguu wa kushoto. Lycoming inazunguka kwa mwendo wa saa, inavuta kushoto, mguu ni wa kulia. Tena kwa farasi 180 badala ya 145, na gurudumu likiwa mkiani. Mguu wa mazoea hapo hausaidii, unaongeza mvuto uleule.

Tulibandika mshale mwekundu juu ya pedali ya kulia. Rubani alifanya mbio za ardhini, kwanza bila kuinua mkia, kisha akiuinua na kuushusha, akisukuma nguvu taratibu kwa hesabu ya sekunde tano. Mara ya kwanza mguu wa kushoto ulitangulia, nikiwa pembeni nikaona pua ikienda. Alifunga nguvu, akarudi mwanzo wa njia. Tuliendelea hivyo mpaka jua likawa juu na mguu wa kulia ukawa unatangulia wenyewe. Hakuruka siku hiyo, na ulikuwa uamuzi wake.

13 Aprili 2025: Imeruka, na joto limezidi

Imeruka. Iliacha nyasi kabla ya nusu ya njia, na mwenyewe alivua kofia. Nimefanya kazi kwenye ndege kubwa kuliko hii kwa miaka mingi na sijawahi kusikia moyo wangu hivyo.

Karatasi ziko sawa: ndege imesajiliwa kundi la majaribio na maonyesho, ofisi ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, imeandikiwa kuhusu badiliko kubwa, na tunaruka ndani ya eneo la majaribio tulilopangiwa, rubani peke yake.

Tatizo ni joto. Wakati wa kupanda, kichwa cha silinda namba 3, ile ya nyuma kulia, kilifika nyuzi 232 za Selsiasi. Nyingine zilikuwa kama 205. Kikomo cha kiwanda ni 260, lakini injini inayoishi karibu na kikomo haiishi sana. Rubani alipunguza nguvu na kutua.

Gipsy ilipata upepo upande mmoja ukatokea upande wa pili. Lycoming inataka upepo uingie juu, ushuke kati ya mapezi ya kupoza ya silinda, utoke chini. Mabati ya kuuelekeza yakiwa na mwanya, upepo hupita kwenye mwanya na kuziacha silinda.

8 Juni 2025: Kutafuta upepo uliopotea

Kwanza tulizima taa za hanga usiku, tukaweka taa kali chini ya injini na kutazama kutoka juu. Kila palipoonekana mwanga, upepo unapotea. Palikuwa na pengo kuzunguka bomba la oili, pengo kwenye pembe za nyuma, na mpira wa silikoni ulikuwa umekunjwa kuelekea nyuma, kwa hiyo shinikizo la hewa liliufungua badala ya kuubana. Ukunje kuelekea mbele na ndani. Tulipoziba, namba 3 ilishuka hadi 221. Haitoshi.

Sababu ya pili ilikuwa kwenye bati la nyuma ya namba 3 lenyewe. Nyuma ya silinda hiyo mapezi ni mafupi, na bati lilikuwa limeyagusa kabisa, likaziba njia. Silinda ilikuwa na upepo mwingi juu yake na hauna pa kushukia. Tuliliinua bati kwa washa (pete bapa za chuma) za milimita 6, tukatengeneza mfereji mdogo wa kuushusha upepo nyuma ya mapezi. Hapo ikafika 209.

Sababu ya tatu ilikuwa matundu ya kutokea hewa, yaliyokuwa madogo kuliko ya kuingilia. Hewa iliyopashwa moto inatanuka, inataka mlango mkubwa zaidi. Tulipanua tundu la chini na kuongeza mdomo mdogo wa kuvuta hewa. Sasa, kupanda kwa nguvu zote siku ya nyuzi 27, namba 3 inasoma 196 na zilizobaki hazizidi 193. Gharama yote ya ukurasa huu haifiki dola 200. Hakuna sehemu nyingine ya mradi iliyokula fikra zetu kama hii.

21 Septemba 2025: Ilipofikia

Kupanda sasa ni futi 1,250 kwa dakika rubani akiwa peke yake. Kwa Gipsy, kabla ya nyufa, daftari linasema 800. Inakunywa lita 38 kwa saa, na matangi ni yaleyale madogo, lita 82 yote mawili, kwa hiyo safari ndefu imekuwa fupi zaidi. Mwenye kutaka mwendo mrefu asifanye mradi huu bila kufikiria matangi.

Jumla ya pesa mpaka leo ni dola 43,700, tukihesabu na vifaa vidogo ambavyo sikuviandika juu. Imezidi makadirio ya Gipsy. Wanaofikiri kubadilisha injini ni njia ya bei nafuu watazame oveholi ya Machi 2024. Tulichonunua ni upatikanaji wa spea: plagi, gasketi na silinda ninaagiza Jumatatu na zinafika ndani ya wiki hiyo.

Spini bado hazijajaribiwa, na hazitajaribiwa mpaka tupime tena mizani ndege ikiwa na watu wawili na mafuta kidogo. Wakati wa kubadilisha oili ya mwisho tulikata filta, haikuwa na chuma. Ila bomba la ekzosi la kushoto limeonyesha alama nyeupe kwenye kiungo cha kuteleza, nalo linatoka wiki hii kukaguliwa.